Kenge wa Komodo: kwa nini yumo hatarini ilhali hifadhini hapungui

Kila baada ya miezi michache video ileile hurudi kwenye makundi ya WhatsApp: mjusi mrefu kuliko mtu anammeza mbuzi mzima, vumbi linatimka, watalii wanapiga kelele. Chini yake maswali hayabadiliki. Huyu ni mamba? Ni joka? Ni kweli mate yake yamejaa vijidudu vya kuua nyati? Na mnyama wa kutisha kiasi hiki, anayekula kila kitu na asiyeliwa na yeyote, atakuwaje hatarini kutoweka?

Swali hilo la mwisho ndilo zito, na ndilo linalojibiwa vibaya zaidi. Septemba 2021 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, ulimhamisha komodo kutoka kundi la wanyama walio katika tishio na kumweka katika kundi la juu yake, la wanyama walio hatarini kutoweka. Tangazo hilohilo lilisema kwamba ndani ya hifadhi ya taifa idadi yake ni tulivu na analindwa vizuri. Waliosoma nusu ya kwanza walidhani komodo wamebaki wachache wa kuhesabika kwa vidole. Waliosoma nusu ya pili walidhani wanasayansi wanatia chumvi. Nusu zote mbili ni kweli, na ili kuona zinavyokaa pamoja inabidi tuanze na mnyama mwenyewe.

Ni kenge

Neno "joka" tumelipokea kutoka kwa Wazungu. Kiindonesia humwita *biawak komodo*, na *biawak* maana yake ni kenge tu. Wenyeji wa kisiwa cha Komodo humwita *ora*. Jina lake la kisayansi ni *Varanus komodoensis*, na *Varanus* ni jina la ukoo linalobebwa na kenge wote, wakiwemo wawili tunaowafahamu huku kwetu: kenge wa maji wa kandokando ya Ziwa Viktoria na mito yetu, na kenge wa nchi kavu mwenye koo jeupe. Kama umewahi kumwona kenge akikatiza njia, kichwa kikiyumba huku na huku, ulimi wenye panda ukitoka na kuingia, mkia ukichora mstari mchangani, basi umbo la komodo unalijua tayari.

Tofauti ni kipimo. Kenge wa maji aliyepita mita 2 ni mkubwa sana. Dume la komodo lililokomaa porini hufika mita 2.6 hivi na kilo 70 hadi 90. Mkubwa kuliko wote aliyepimwa kwa uhakika alikuwa na mita 3.13 na kilo 166, na hizo kilo zilihesabiwa pamoja na chakula kilichokuwa tumboni. Habari za komodo wa mita 5 au 7 ni maneno ya mtandaoni.

Waswahili husema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, na methali hiyo imewafanya wengi waamini kwamba hawa wawili ni ndugu. Kwa damu, mamba yuko karibu zaidi na kuku kuliko na kenge. Jamaa wa karibu wa kenge wamo miongoni mwa mijusi na nyoka, na ushahidi ni ule ulimi wa panda. Kwa ulimi huo komodo huokota harufu hewani na kuipeleka kwenye kiungo maalumu kaakaani. Panda mbili humwambia pia harufu imekolea upande gani. Upepo ukiwa mzuri, anaweza kunusa mzoga ulio umbali wa kilomita 4 hadi 9.

Dhana nyingine inayorudiwa hata katika vitabu vya shule ni kwamba komodo alikuwa mjusi wa kawaida aliyefika kisiwani, akakosa washindani, akanenepa hadi kuwa jitu. Mabaki ya mifupa yaliyochunguzwa na kutangazwa mwaka 2009 yanasema vinginevyo. Kenge wa aina hii walikuwepo Australia takriban miaka milioni 4 iliyopita, tayari wakiwa wakubwa. Kisiwa cha Flores wamekuwepo tangu miaka 900,000 iliyopita. Maana yake komodo hakukuzwa na visiwa. Alikuwa na nchi pana, akapoteza sehemu kubwa yake, na visiwa ndivyo vilivyobaki. Ukilikumbuka hilo, mengi yanayofuata yatakaa sawa.

Visiwa vitano na hakuna cha sita

Spishi ni aina moja ya kiumbe, ambayo wanachama wake huzaliana wao kwa wao. Zipo spishi zilizoenea dunia nzima, kama panya wa majumbani. Zipo nyingine zilizo na makazi mamoja tu duniani: kima punju wa Unguja, popo mkubwa wa Pemba, na yule mjusi wa kijani wa Pemba anayekaa kwenye migomba na minazi. Hizo huitwa spishi za mahali pamoja. Zikitoweka pale, zimetoweka kabisa, kwa kuwa hakuna pengine pa kuzichukua.

Mahali pa komodo ni kusini-mashariki mwa Indonesia, katika mkoa wa Nusa Tenggara Mashariki. Leo anaishi katika visiwa vinne vilivyomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Komodo, yaani Komodo, Rinca, Gili Motang na Nusa Kode, na kwenye vipande vya pwani ya magharibi na kaskazini ya kisiwa kikubwa cha Flores, nje ya hifadhi. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1980, na mwaka 1991 UNESCO ikaiandika katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Ramani hudanganya. Hifadhi inaonekana kubwa, lakini sehemu kubwa yake ni bahari. Nchi kavu yote ni takriban kilomita za mraba 600, yaani zaidi kidogo ya theluthi moja ya Unguja. Serengeti peke yake ni kubwa kuliko hapo mara 24. Gili Motang ina kilomita za mraba 10 hivi. Mtu mwenye miguu mizuri huikata asubuhi moja.

Mandhari yake mtu wa pwani yetu asingeyashangaa sana. Ni nchi kame kwa kipimo cha Indonesia, mvua kwa kawaida haizidi milimita 1,000 kwa mwaka na kiangazi ni kirefu. Vilima vina nyasi na mivumo iliyosimama mmojammoja. Mabondeni, maji yanakokaa muda mrefu zaidi, kuna misitu ya kiangazi yenye mikwaju mingi. Humo mabondeni ndimo komodo anamoishi hasa: kuna kivuli cha kujipoza mchana, kuna wanyama wa kuwinda, kuna mahali pa kutagia. Anapanda vilima, ila uhai wake uko chini.

Visiwa hivi havikuwa visiwa siku zote. Zama za barafu bahari ilikuwa imeshuka sana, na Komodo na Rinca vilikuwa vimeungana na Flores, kama Unguja ilivyokuwa imeungana na Bara. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikapanda na kuwagawa komodo katika makundi yasiyokutana.

Mtu atauliza: si anaogelea? Anaogelea vizuri. Lakini hapendi kuhama. Watafiti waliowafuatilia komodo kwa miaka 10 waligundua kwamba wengi hukaa bonde walilozaliwa maisha yao yote, hata pale bonde la jirani lina nafasi. Wachache walichukuliwa na kuachiwa upande mwingine wa kisiwa kilekile. Ndani ya miezi michache walikuwa wamerudi kwao. Waliopelekwa kisiwa kingine, wakatenganishwa na kwao na mkono wa bahari, hawakurudi. Uwezo wa kuvuka wanao. Hawautumii.

"Hatarini" inapimwaje?

Hapa ndipo mkanganyiko ulipo, basi tuende taratibu.

Orodha Nyekundu ya IUCN haipimi ukali wa mnyama wala umaarufu wake. Inapima uwezekano wa kutoweka. Ngazi tatu za hatari hufuatana: katika tishio, hatarini, na hatarini zaidi. Juu yake ipo ya waliotoweka porini, kisha ya waliotoweka kabisa. Spishi hupanda ngazi ikitimiza angalau kipimo kimoja kati ya vitano, na vipimo hivyo ni vya namna tofauti. Kimoja hutazama idadi imepungua kwa kasi gani. Kingine hutazama eneo ni dogo kiasi gani, limekatikakatika vipi, na kama linaendelea kuharibika. Kingine hutazama wazima wamebaki wangapi.

Neno "wazima" lina maana yake. Mwenye shamba la minazi anayetaka kujua atavuna nini huhesabu minazi iliyokwisha kuzaa; miche haimo. Vivyo hivyo IUCN huhesabu wanyama wanaoweza kuzaliana. Tathmini ya 2021 ilikadiria komodo wote, wakubwa kwa wadogo, kuwa 3,458 hivi. Kati yao wazima walikuwa 1,383. Magazeti yaliyoandika "komodo zaidi ya 3,000" na yaliyoandika "komodo chini ya 1,400" yote yalikuwa sahihi. Yalihesabu vitu viwili tofauti.

Pengo hilo kubwa kati ya wote na wazima linaelezeka. Komodo huanza kuzaa akiwa na miaka 8 au 9, na vifo vya utotoni ni vingi, kama tutakavyoona.

Na nani aliwahesabu? Watafiti na askari wa hifadhi hutega masanduku marefu ya aluminiamu, ya mita 3, yenye nyama ya mbuzi ndani na mlango unaojifunga. Komodo akiingia, hufungwa mdomo, hupimwa urefu na uzito, kisha huwekewa chini ya ngozi kifaa kidogo kama punje ya mchele chenye namba yake. Mwaka unaofuata mitego hutegwa palepale. Uwiano wa walionaswa tena na wapya ndio unaotoa makadirio ya wote. Sehemu nyingine, hasa Flores, hutumika kamera zinazojipiga zenyewe mnyama akipita mbele ya chambo.

Sasa turudi kwenye lile fumbo. Visiwa vya Komodo na Rinca ndivyo vyenye komodo wengi, kila kimoja kikiwa na zaidi ya elfu moja, na huko idadi imetulia. Kama tathmini ingekuwa picha ya leo tu, komodo asingepandishwa ngazi kwa sababu yao. Lakini tathmini hutazama pia mbele. Makadirio ni kwamba katika miaka 45 eneo linalomfaa litapungua kwa asilimia 30 au zaidi kwa sababu ya ongezeko la joto na kupanda kwa bahari. Utafiti uliotangazwa mwaka 2020 ulikuwa umetoa wigo mpana zaidi: kufikia mwaka 2050 komodo wanaweza kupoteza kati ya asilimia 8 na 87 ya maeneo wanayokaa, ikitegemea dunia itachafua hewa kiasi gani na visiwa vitasimamiwa vipi.

Wigo wa 8 hadi 87 wengine waliucheka, wakisema hiyo ni ramli. Ukiusoma vizuri, ndiyo sehemu yenye matumaini kuliko zote. Unasema matokeo bado hayajaamuliwa.

Joto linamdhuruje mnyama anayependa jua? Fikiria mkulima mwenye shamba moja tu, bondeni, kati ya mlima wa mawe na bahari. Bahari ikipanda kidogo, chumvi inakula shamba kutoka chini. Kiangazi kikirefuka, miti inakauka na moto wa nyasi unashuka kutoka juu. Mkulima wa bara angehamia kwa shemeji yake wilaya ya pili. Huyu hana wilaya ya pili. Kenge wetu wa maji, mto ukikauka, hufuata mto mwingine, na sehemu kubwa ya Afrika ni yake. Komodo akipanda mlimani hakuti ayala anaowawinda wala kivuli cha mikwaju, na akishuka anakuta maji. Kwa hiyo hatari haitokani na wingi wa wanaokufa leo. Inatokana na kukosa pa kwenda kesho.

Njaa ya Padar

Wengi hudhani tishio kubwa ni risasi au mitego ya majangili. Kisiwa cha Padar kinafundisha vingine. Kiko katikati, kati ya Komodo na Rinca, na kilikuwa na komodo wake. Wawindaji walikuwa wakivuka kwa boti kuwinda ayala kwa ajili ya nyama, na moto wa nyasi ulikuwa wa mara kwa mara. Ayala wakaisha. Katika miaka ya 1970 komodo wa Padar nao wakatoweka. Haikulazimu mtu kuwagusa.

Ayala wa Timor, mwenye pembe za matawi, ndiye nguzo ya chakula cha komodo mzima. Nguruwe pori na nyati wa maji hufuata. Komodo anaweza kula asilimia 80 ya uzito wake kwa mlo mmoja, kisha akakaa wiki kadhaa bila kula. Milo mikubwa 12 kwa mwaka huweza kumtosha. Ndiyo maana watu hudhani hawezi kuona njaa. Lakini kuishi si kukua. Gili Motang, ambako mawindo ni haba, komodo ni wadogo wazi kuliko wa Rinca na Komodo, na huko, ingawa ni ndani ya hifadhi, idadi imekuwa ikishuka. Mwili mdogo hubeba mayai machache. Isitoshe, kundi dogo lililojitenga huzaliana ndugu kwa ndugu, na uchunguzi wa chembe za urithi umeonyesha kwamba komodo wa Gili Motang wana utofauti mdogo mno wa kurithi. Ugonjwa mmoja mpya ukiingia, hakuna wa damu tofauti wa kuustahimili.

Kwa hiyo doria ya kuzuia uwindaji wa ayala, kazi ya boti na petroli na askari wasiolala, ndiyo ulinzi halisi wa komodo. Haipendezi kwenye picha, ila pesa yangu ningeiweka hapo kabla ya pengine popote.

Yai hadi mtini

Kenge jike wa maji huchimba kichuguu chenye mchwa hai, hutaga, kisha huondoka. Mchwa wanaziba tundu, na mayai yanabaki katika joto na unyevu usiobadilika. Komodo hutumia akili ileile kwa jengo la mwingine. Visiwani kuna ndege wa ukubwa wa kuku, mwenye miguu ya rangi ya chungwa, ambaye halalii mayai yake. Hurundika udongo na majani hadi kilima kikubwa, majani yakioza yanatoa joto, na joto ndilo linaloangua. Komodo jike huteka vilima hivyo, hasa vilivyoachwa. Wengine huchimba mashimo kwenye miteremko, pamoja na mashimo bandia ya kuwachanganya wezi wa mayai.

Kupandana huwa kati ya Mei na Agosti. Mayai, kwa kawaida 20 hivi, hutagwa karibu na Septemba na huchukua miezi 7 hadi 9 kuanguliwa. Vitoto hutoka mvua zinapoishia, wadudu wakiwa tele, kila kimoja na sentimita 40 na gramu 100 hivi. Kisha kinakimbilia mti ulio karibu. Sababu ni kwamba komodo wakubwa hula wadogo bila kuchagua, na mtu mzima ni mzito mno kupanda. Kitoto huishi juu kwa miaka kadhaa kikila wadudu, mijusi na mayai ya ndege. Kikishuka kwenye mzoga wa wakubwa, huweza kujigaragaza katika kinyesi cha matumbo ili harufu imkinaishe anayekitaka.

Ona basi maana ya kupoteza miti. Bonde lililofyekwa au kuungua laweza kubaki na ayala wa kutosha kulisha wakubwa, na bado likakosa kizazi kijacho, kwa sababu vitoto havina pa kupanda.

Je, jike anaweza kuzaa peke yake?

Anaweza, na habari hii imezaa uvumi kwamba komodo hawezi kutoweka hata abaki mmoja. Mwaka 2006 wanasayansi wa Uingereza walitangaza kwamba majike wawili, Flora wa bustani ya wanyama ya Chester na Sungai wa London, walitaga mayai yenye uhai bila kupandwa. Flora hakuwahi kukaa na dume maishani mwake.

Shida iko kwenye jinsia. Kwa binadamu, mwanamume ndiye mwenye kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) mbili tofauti za jinsia. Kwa komodo ni kinyume: jike ana Z na W, dume ana Z mbili. Yai lisilorutubishwa hubeba moja tu, kisha hujirudufia. Likiwa W mbili, halikui. Likiwa Z mbili, linatoka dume. Kwa hiyo jike aliye peke yake huzaa madume matupu, na ili ukoo uendelee lazima azae tena na mwanawe. Hii inaweza kuwa njia ya kuanzisha kundi kisiwani kwa mara ya kwanza. Si dawa ya kundi linalokufa, kwa maana kila hatua hupunguza utofauti wa urithi ambao tayari ni mdogo.

Mate yenye vijidudu

Hadithi ya mate ina chanzo cha heshima. Mtafiti Walter Auffenberg, aliyekaa kisiwani Komodo kati ya 1969 na 1970, aliona nyati walioumwa wakifa siku kadhaa baadaye kwa vidonda vilivyooza. Hitimisho likawa kwamba mdomo wa komodo ni kisima cha vijidudu vya kuua. Mwaka 2013 vijidudu vya midomo ya komodo wa kufugwa vilichunguzwa, vikaonekana kuwa vya kawaida kwa mla nyama yeyote. Komodo pia ni msafi: akishakula hulamba midomo na kusugua kichwa kwenye majani kwa dakika kadhaa.

Basi nyati walikufa na nini? Nyati wa maji si wanyama wa asili wa visiwa hivi; waliletwa na watu. Nyati akijeruhiwa hukimbilia majini, kama tabia yake ilivyo, na hapo visiwani hukuta vidimbwi vilivyojaa kinyesi. Kidonda kirefu kikizamishwa humo huoza. Ayala na nguruwe, mawindo yake ya kawaida, hawapitii kisa hicho. Wengi hufa palepale au muda mfupi baadaye.

Mwaka 2009 timu ya mtafiti wa sumu Bryan Fry ilionyesha kwamba komodo ana tezi za sumu katika taya la chini. Lakini usiwaze nyoka. Swila ana meno yenye mfereji yanayodunga sumu kama sindano. Komodo hana. Sumu yake huchuruzika kati ya meno na kuingia kidonda kilichokwisha kufunguliwa, ikizuia damu kuganda na kushusha shinikizo la damu. Wanasayansi bado wanabishana ni kiasi gani sumu hiyo inachangia kifo, kwa kuwa kidonda chenyewe kinatosha.

Kuuma kwake kuna ufundi. Nguvu ya taya ni ndogo ukilinganisha na mamba, na fuvu ni jepesi. Mamba hubana na kuzungusha. Komodo hung'ata na kuvuta nyuma kwa shingo na miguu, na meno yake 60 hivi, yaliyopinda na yenye makali ya msumeno, hupasua kama kisu cha mchinjaji. Mwaka 2024 iligunduliwa kwamba ncha na makali ya meno hayo yamepakwa tabaka jembamba la chuma, la rangi ya chungwa. Meno hung'oka na kuota mengine daima.

Kwa watu, hifadhi iliandika mashambulizi 24 kati ya 1974 na 2012, matano yakiua. Ni machache kwa visiwa vyenye vijiji ndani yake, lakini si kitu cha kuchezea. Mgeni hatembei bila askari mwenye fimbo ndefu ya panda, ambayo hutumika kumsukuma komodo shingoni. Kaa mbali mita 5 au zaidi, usichuchumae kupiga picha, usibebe chakula, na mwambie askari kama una kidonda kinachotoka damu au uko hedhini. Ukimwona amelala kama gogo, jua kwamba kwa mwendo mfupi hufika kilomita 20 kwa saa.

Wenyeji wa Komodo wana simulizi la Putri Naga, binti aliyejifungua pacha: mtoto wa kiume, Gerong, na ora wa kike, Orah. Kwa hesabu hiyo komodo ni ndugu.

Nje ya mpaka

Mijadala mikubwa ya habari imekuwa juu ya utalii: ujenzi wa majengo ya watalii huko Rinca uliopingwa mwaka 2020, kisha mpango wa 2022 wa kupandisha kiingilio hadi rupia milioni 3.75, ambao wafanyakazi wa utalii wa Labuan Bajo, mji wa bandari wa Flores, waliugomea na serikali ikauacha. Ni mambo ya haki kujadiliwa. Hata hivyo komodo wanaopungua zaidi hawako mbele ya kamera za watalii. Wako Flores.

Huko komodo anaishi karibu na mashamba na vijiji. Msitu hufyekwa na kuchomwa kwa ajili ya kilimo, mbwa hufukuza ayala, na komodo aliyekosa ayala hugeukia mbuzi wa mtu. Mwenye mbuzi wachache akipoteza mmoja, usimtegemee ampende mwizi kwa sababu ya Orodha Nyekundu. Biashara nayo inachota huko: mwaka 2019 polisi wa Java Mashariki walivunja mtandao wa magendo na kusema ulikuwa umeuza komodo 41 kwa takriban rupia milioni 500 kila mmoja, na serikali baadaye ikasema wanyama hao walitoka Flores. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori umepiga marufuku kuuza komodo wa porini kutoka nchi moja hadi nyingine, lakini mtoto wa gramu 100 anaingia kwenye bomba la plastiki.

Kinachofanyika Flores kinajulikana kwa wanakijiji wa kando ya hifadhi zetu pia: mazizi ya mbuzi yaliyoimarishwa na kufungwa usiku, mbwa wasioachwa kuzurura, mipaka ya moto kabla ya kiangazi kukolea, na vijana wa kijiji wanaolipwa kutunza kamera za sensa. Katika hifadhi ndogo ya Wae Wuul, magharibi mwa Flores, Indonesia ilirudisha mwaka 2023 komodo kadhaa waliolelewa katika bustani ya wanyama ya Taman Safari, Bogor, kisiwani Java. Kuwaachia ni siku moja. Kinachofuata ni kuona kama bonde lina ayala wa kuwalisha, na kama mayai ya kwanza yatakayotagwa humo, Septemba moja miaka ijayo, yatapata miti ya kupandwa na vitoto vyake.